Mbegu Ghalani: Majivu, Shaba, Zebaki na Zinki

Mahindi ya mbegu hayakulala pamoja na mahindi ya kula. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu za Tanzania na Kenya, mavuno yalipoingia uani, mama mwenye nyumba alianza kwa kuchagua: hindi lililojaa punje hadi nchani, lenye mistari iliyonyooka, lisilo na tundu la mdudu. Aliyarudisha maganda nyuma bila kuyang'oa, akayafunga mahindi mawili mawili kwa maganda yao wenyewe, akayatundika darini juu ya mafiga. Tangu siku hiyo moshi wa asubuhi na wa jioni uliyapitia. Baada ya miezi mitatu minne maganda yalikuwa meusi, yamejaa masizi yanayonata vidoleni, na punje imekuwa ngumu kiasi kwamba ukiing'ata inakwaruza jino bila kupasuka. Hapo hakuna aliyethubutu kuyagusa, hata njaa ikibisha hodi, mpaka mvua za kwanza.

Maharage, kunde na choroko zilihifadhiwa kwa njia nyingine. Zilichanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa, zikatiwa kwenye kibuyu au mtungi, na mdomo ukazibwa kwa udongo au kinyesi cha ng'ombe. Majivu hayo yalifanya kazi tatu kwa pamoja. Yalifyonza unyevu uliobaki kwenye punje. Yalijaza nafasi kati ya punje na punje, mdudu akakosa pa kupita. Na chembe zake kali zilikwaruza nta inayofunika mwili wa mdudu, maji yakamtoka hadi akakauka. Ndani ya majivu ya kuni pia mna potasiamu na kalsiamu kwa wingi, na mna zinki, manganizi, boroni na shaba kwa kiasi kidogo sana. Mbegu za Afrika Mashariki zilikuwa zikipakwa virutubisho vidogo tangu zamani, ingawa aliyepaka alikuwa akimfikiria mdudu tu.

Leo kazi ile imehamia viwandani. Mbegu za mahindi, soya na ngano huuzwa zikiwa na rangi ya waridi, kijani au buluu. Zimepakwa dawa ya kuvu na ya wadudu, na baadhi zimeongezewa zinki, manganizi, boroni au molibdeni ili mche uanze maisha ukiwa na akiba. Wanaozisifu husimulia habari za shambani: mche ulivyochomoza haraka, mzizi ulivyokwenda chini. Habari za ghalani husimuliwa mara chache, na ndizo zinazostahili kuulizwa kwanza, kwa sababu mbegu iliyopakwa huweza kukaa miezi sita, pengine mwaka na nusu, kabla haijauona udongo. Wakati wote huo iko hai, inapumua, inazeeka, na kile kilichopakwa kinaigusa usiku na mchana.

Kabla ya mahindi, kazi ya kuhifadhi ilikuwa nyepesi zaidi. Ulezi una punje ndogo na kavu ambazo fukusi hawezi kuzitoboa akaishi ndani, na kihenge cha ulezi kilichofunikwa vizuri kilikaa miaka mingi kikiwa akiba ya njaa. Mahindi yaliletwa pwani na Wareno katika karne ya 16, na katika karne ya 19 yalienea bara kwa kasi, yakifuata misafara ya biashara. Punje yake ni kubwa, tamu kwa mdudu, na kiini tete chake kina mafuta mengi. Mafuta hayo ndiyo yanayochacha kwanza mbegu inapozeeka. Jamii zilizolikubali zao hili zililazimika kulitafutia ulinzi ambao ulezi haukuuhitaji, na jiko likawa ghala la mbegu.

Huko Ulaya kuitia mbegu dawa kunasemekana kulianza kwa ajali ya meli. Jethro Tull, Mwingereza aliyeandika juu ya kilimo mwaka 1733, alisimulia kwamba miaka kama 70 nyuma meli ya ngano ilizama karibu na Bristol. Ngano ikaopolewa, ikaonekana haifai kwa mkate kwa sababu ya maji ya bahari, basi wakulima wakaipanda. Mwaka ule mashamba mengi ya Uingereza yaliugua ugonjwa unaogeuza punje kuwa unga mweusi wenye harufu ya samaki aliyeoza. Ngano ya baharini ikapona. Tangu hapo kuloweka mbegu kwenye maji ya chumvi kukawa desturi, na wengi wakaongeza chokaa ili ikauke upesi.

Sababu ilichukua muda mrefu kujulikana. Mathieu Tillet wa Troyes, Ufaransa, alichapisha mwaka 1755 majaribio yaliyoonyesha kwamba ule unga mweusi ndio unaoambukiza, na kwamba mbegu ikisafishwa kwa chokaa na chumvi huwa salama. Aliyegundua kwamba unga huo ni kuvu hai alikuwa Bénédict Prévost wa Montauban, mwaka 1807. Alikuwa akiotesha mbegu za kuvu hiyo ndani ya maji na kuzitazama kwa hadubini, akaona kwamba maji yaliyogusa chombo cha shaba yanazizuia kuota. Kiasi cha shaba kilichokuwamo kilikuwa kidogo mno. Kutokana na hapo mruturutu, yaani sulfati ya shaba, ukawa dawa kuu ya mbegu za ngano kwa zaidi ya karne nzima.

Lakini wakulima waliona upande wa pili haraka. Mbegu iliyokaa mno kwenye mruturutu iliota kwa shida, mizizi ikiwa mifupi na iliyokunjamana. Ndipo wakazoea kuichovya kwenye maji ya chokaa baada ya shaba, ili ukali upungue. Madini yaleyale yaliyoua kuvu yaliweza kuua kiini tete, na tofauti ilikuwa kipimo na muda.

Uotaji wa mbegu ulikosa mtu wa kuupima kwa utaratibu, mpaka alipotokea Friedrich Nobbe. Mwaka 1869, huko Tharandt katika Saxony, alianzisha kituo cha kwanza duniani cha kupima ubora wa mbegu. Alisukumwa na hasira ya haki: katika magunia ya mbegu za malisho alikuta uchafu, mbegu zilizokufa, na hata changarawe iliyosagwa na kutiwa rangi ili ifanane na mbegu. Nobbe alizihesabu, akaziotesha, akaandika asilimia, na mwaka 1876 akatoa kitabu kikubwa cha elimu ya mbegu. Vituo vya namna yake vikasambaa, na mwaka 1924 kikaundwa chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, ISTA, ambacho kanuni zake zinatumika mpaka leo katika maabara za Morogoro na Nakuru.

Shaba ilifika Afrika Mashariki pamoja na pamba. Nchini Uganda, katikati ya karne ya 20, mbegu za pamba zilipakwa vumbi la oksidi ya shaba kwenye viwanda vya kuchambulia kabla hazijagawiwa kwa wakulima, kwa lengo la kuzuia ugonjwa wa bakteria unaotia mabaka meusi kwenye majani, shina na vitumba. Mkulima alipokea mbegu iliyokwisha kupakwa. Hiyo ilikuwa hali mpya: aliyepanda hakuwa tena yule aliyechagua, aliyekausha wala aliyehifadhi.

Hali hiyo ilikomaa Kitale. Kampuni ya mbegu ya Kenya, Kenya Seed, ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Michael Harrison alikuwa ameanza kuzalisha mahindi bora mwaka mmoja kabla, na mwaka 1964 ikatoka chotara ya 611, iliyotokana na mahindi ya Kitale yaliyochanganywa na aina kutoka Ekuado. Chotara ilizaa sana, na wakulima wadogo waliipokea kwa kasi iliyowashangaza hata waliokuwa wameitengeneza. Kwa upande wa Tanzania, kampuni ya TANSEED iliundwa mwaka 1973.

Chotara ina sharti lake. Ukipanda punje za mavuno yake, nguvu inapungua. Sharti ununue mbegu kila msimu. Kwa hiyo kazi ya kuilinda mbegu kati ya mavuno na mvua ilitoka mikononi mwa mama mwenye dari, ikaenda kwa kampuni, kwa mwenye lori, kwa wakala, kwa mwenye duka la pembejeo. Mnyororo huo mrefu ndio uliofanya kupaka mbegu kuwe kwa lazima. Mbegu moja yenye kuvu ghalani ingeweza kuharibu shehena nzima, na kampuni isingeweza kuitundika kila punje juu ya moto.

Pigo lililofuata liliwagusa hata wale waliobaki na mbegu zao za asili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati alionekana Tabora. Mwaka 1981 akatambuliwa rasmi, Prostephanus truncatus, na wakulima wakamwita dumuzi. Wengine walimwita Skania, kwa jina la lori. Dumuzi anatoboa hindi likiwa bado na maganda yake, anakula punje na kiini chake, anatoboa hata miti ya kihenge. Katika baadhi ya maghala ya Tabora zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mahindi ilipotea ndani ya miezi michache. Wataalamu wakashauri mahindi yapukuchuliwe na kuchanganywa na dawa ya vumbi, kwa sababu dumuzi husitawi zaidi kwenye hindi zima. Ushauri ulikuwa sahihi, na ndio uliopunguza desturi ya kutundika mahindi katika maeneo mengi. Dari likabaki na masizi, mbegu ikahamia kwenye gunia lenye vumbi la dawa.

Kabla ya kufika kwenye zinki, lazima isimuliwe habari ya Iraki, kwa sababu rangi iliyo kwenye mbegu za leo haiwezi kueleweka bila hiyo.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimetengeneza dawa za mbegu zenye zebaki. Zilikuwa na nguvu kuliko shaba na hazikuumiza mbegu kwa kiwango kilekile zilipotumiwa kwa kipimo, kwa hiyo zikatawala duniani. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ya Iraki iliagiza mbegu ya ngano kutoka Mexico, zaidi ya tani 70,000, pamoja na shayiri. Zilipakwa zebaki na kutiwa rangi ya waridi kama onyo. Maonyo yaliyoandikwa kwenye magunia hayakuwa kwa lugha ya mkulima wa Mosul au Kirkuk. Zaidi ya hayo, katika wilaya nyingi mbegu zilifika wakati wa kupanda umekwisha. Watu walikuwa na njaa, nyumba ina ngano, shamba limeshapandwa.

Wengine waliosha punje mpaka rangi ikatoka, wakaamini kwamba sumu imeondoka nayo. Wengine walikuwa waangalifu zaidi: waliwalisha kuku kwanza, wakangoja siku kadhaa, na walipoona kuku wako salama wakasaga unga na kuoka mkate. Zebaki hiyo huchukua majuma kabla ya kuonyesha madhara. Ganzi ilipoanza midomoni na vidoleni, macho yakaanza kufifia, watu wakayumba wakitembea, mwili ulikuwa umeshajaa. Waliolazwa hospitalini walikuwa zaidi ya 6,500, na waliofia humo 459. Waliofia majumbani hawamo katika hesabu hiyo. Watoto waliozaliwa na mama waliokula mkate ule walipata ulemavu wa ubongo. Dawa za zebaki zikaendelea kupigwa marufuku nchi moja baada ya nyingine, na rangi kwenye mbegu ikabaki kuwa onyo ambalo peke yake halitoshi.

Wakati haya yakitokea, elimu nyingine ilikuwa imekua kimyakimya kwenye maabara za mimea. Mwaka 1923 Katherine Warington wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha kwamba mharage hauwezi kukua bila boroni. Mwaka 1926 zinki ikathibitishwa Marekani, kazi ya Anna Sommer na Charles Lipman. Mwaka 1931 ikafuata shaba, sumu ya Prévost, ambayo sasa ilionekana kuwa chakula cha lazima kwa mmea mradi iwe kidogo. Mwaka 1939 Daniel Arnon na Perry Stout wakathibitisha molibdeni.

Bonde la Ufa lilikuwa na ushahidi wake. Mifugo iliyolishwa nyasi za sehemu za Nakuru ilikonda kwa ugonjwa ulioitwa Nakuruitis, ambao baadaye ulijulikana kuwa ni upungufu wa kobalti kwenye malisho. Ngano ya eneo hilo nayo ilikuwa na shida: ilisimama vizuri, ikatoa masuke, na masuke yakawa matupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1967 ulithibitisha kwamba udongo ule wa majivu ya volkano ulikosa shaba. Bila shaba chavua ya ngano inakuwa tasa. Ngano iliyopewa shaba ilijaza punje. Huko Zimbabwe watafiti wa miaka ya 1970 walihusisha ukosefu wa molibdeni na jambo la ajabu zaidi: mahindi kuchipua yakiwa bado kwenye bua, kabla hayajavunwa. Mmea unahitaji molibdeni ili kutengeneza kichocheo kinachoiambia mbegu ilale. Mbegu isiyolala haihifadhiki, na hapo uhusiano kati ya virutubisho vidogo na ghala unaonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Katika nyanda za kati za Uturuki, miaka ya 1990, ikaonekana vivyo hivyo kwa zinki. Ngano iliyopandwa kwenye udongo maskini wa zinki ilidumaa, lakini miche iliyotokana na mbegu yenye zinki nyingi ilivumilia zaidi. Akiba iliyo ndani ya mbegu huutosha mche kwa siku zile za kwanza, kabla mzizi haujafika mbali.

Hapo ndipo wazo la kupaka lilipopata mantiki. Molibdeni inayohitajika kwa hekta nzima hupimwa kwa makumi ya gramu. Hakuna mkono unaoweza kuinyunyiza sawasawa shambani. Ukiipaka kwenye mbegu, kila mche unapata sehemu yake. Australia ilitangulia kwa mbegu za malisho, ikizipaka molibdeni na chokaa. Baadaye zikaja mashine za pipa linalozunguka, gundi za polima, na zinki, manganizi na boroni katika umbo la unga laini au maji mazito.

Sasa mbegu hiyo iingie ghalani.

Mmarekani James Harrington wa California aliacha kanuni mbili ambazo kila mtunza mbegu anapaswa kuzikariri. Unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka maradufu. Joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5, maisha yake huongezeka maradufu tena. Kinyume chake ni kweli. Mbegu ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 12 katika nyuzi 20 ikihamishiwa kwenye duka la bati lenye nyuzi 30, na unyevu wake ukapanda hadi asilimia 14, inapoteza nusu mara nne. Iliyokuwa na uwezo wa kukaa miaka minne inabaki na miezi mitatu. Ni makadirio, lakini hayajapitwa na wakati.

Kupaka kwa maji kunagusa hesabu hii moja kwa moja. Maji yenye gundi na madini yanaporushwa ndani ya pipa, punje huyanywa ndani ya dakika chache. Gunia la kilo 25 likibaki na robo lita tu ya maji hayo, unyevu umepanda kwa karibu asilimia moja na maisha ya mbegu yamekatwa katikati, hata kabla zinki haijafanya lolote jema au baya. Kwa hiyo kiwanda kinachopaka lazima kikaushe tena, kwa hewa ya joto dogo, taratibu. Soya na karanga zina ganda jembamba. Zikilowa na kukaushwa kwa pupa, ganda linapasuka, na kupitia ufa huo kuvu huingia. Soya katika joto la tropiki hupoteza uwezo wa kuota ndani ya miezi michache hata bila kupakwa, basi kosa dogo la kiwandani linaonekana kwake upesi.

Chumvi yenyewe inayotumika ina tabia yake. Kloraidi za madini haya huvuta unyevu hewani, na sulfati nazo huyeyuka kwa urahisi hewa inapokuwa nzito, kama ya Tanga au Mombasa msimu wa masika. Ikiyeyuka juu ya ganda, chumvi hukifikia kiini tete kwa wingi kabla ya wakati, na mizizi inayotoka baadaye huwa mifupi, kama ile ya enzi za mruturutu. Oksidi ya zinki haiyeyuki kirahisi hivyo. Inakaa kimya juu ya mbegu mpaka ikutane na udongo. Katika ghala lenye unyevu, aina ya kiwanja cha zinki huwa na uzito kuliko wingi wa zinki ulioandikwa kwenye mfuko.

Kuna tofauti pia kati ya madini na madini. Mbegu inapozeeka, mafuta ya utando wa seli zake huliwa na oksijeni kali, utando ukaanza kuvuja. Chuma na shaba, zikiwa huru na penye unyevu, huchochea uharibifu huo. Zinki haiuchochei, na ndani ya mmea ni sehemu ya vimeng'enya vinavyoizima oksijeni hiyo. Manganizi nayo ina kazi kama hiyo. Lakini mbegu kavu haifyonzi cha nje. Zinki iliyo juu ya ganda haikiponyi kiini tete kilicholala. Ndiyo maana majaribio ya kuhifadhi mbegu zilizopakwa yametoa majibu yanayotofautiana: mahali pengine uotaji umedumu zaidi, hasa polima ilipopunguza unyevu kuingia, na mahali pengine umeshuka mapema. Ukitazama kwa makini, kinachoamua mara nyingi ni maji yaliyobaki, kipimo kilichozidi na joto la ghala.

Kisa cha bakteria wa mikunde kinalionyesha hili vizuri. Mbolea hai kama Biofix, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, hubandikwa kwenye maharage au soya kwa gundi au maji ya sukari, na mkulima huambiwa apande siku hiyohiyo. Bakteria hao wanahitaji molibdeni ili kunasa naitrojeni. Hata hivyo chumvi ya molibdeni ikichanganywa nao juu ya mbegu na kuachwa, inawaua. Vitu viwili vizuri vinavyohitajiana udongoni vinadhuriana kwenye ganda la mbegu, na kinachovigombanisha ni muda wa kungoja.

Maabara ina njia ya kuharakisha muda huo. Mbegu za soya hupangwa safu moja juu ya wavu ndani ya kisanduku, chini yake kuna maji, kifuniko kinafungwa, na kisanduku kinawekwa kwenye nyuzi 41 kwa saa 72. Ni mateso ya makusudi, yaliyobuniwa Mississippi na kuenezwa na James Delouche na mwenzake mwaka 1973. Kisha mbegu huoteshwa. Kundi lililoonekana sawa kabla ya kisanduku hugawanyika: mbegu moja inatoa mche mnene, jirani yake inatoa kijizizi kilichopinda na kuoza. Mbegu iliyopakwa ikipita kipimo hiki, anayeiuza anaweza kusema kwa haki kwamba itakaa.

Mwaka 2017 wachumi walichapisha utafiti kutoka Uganda ulioeleza kwamba mbegu nyingi za mahindi chotara madukani hazikuwa na ubora ulioahidiwa, na wengi wakahitimisha kwamba nafaka ya kawaida inatiwa rangi na kuuzwa kama mbegu. Utafiti mwingine wa Uganda, wa mwaka 2020, ulifuatilia mbegu kwenye mnyororo mzima hadi kwenye vinasaba. Haukukuta dalili za kuchakachua kwa kiwango kilichodhaniwa. Ulichoona kinalingana zaidi na mbegu halali zilizotunzwa vibaya. Matokeo hayo hayakupata kelele kama ya kwanza, ingawa yalistahili. Yanaelekeza lawama kwenye bati la duka, kwenye gunia lililoegeshwa sakafuni karibu na mbolea, kwenye shehena ya msimu uliopita iliyorudishwa rafuni.

Kwa hiyo anayetaka kununua mbegu iliyoongezewa zinki au molibdeni aanze na lebo. Mamlaka za kuthibitisha mbegu, TOSCI kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, huweka stika za uthibitisho, na ile ya Kenya hukwanguliwa na namba yake kutumwa kwa simu. Aangalie tarehe ya kupimwa, si jina la aina peke yake, na aulize mbegu imekaa wapi tangu ifike. Kampuni zinazopaka virutubisho ziandike tarehe ya kupaka na muda zilioujaribu katika joto la kwetu, kwa Kiswahili kinachosomeka. Kisha, majuma mawili kabla ya mvua, mkulima atenge punje 100, azifunge ndani ya kitambaa chenye maji, akiweke mahali penye vuguvugu na kukilinda kisikauke. Siku ya nne ahesabu zilizochipua, siku ya saba ahesabu tena, akitazama na unyofu wa mizizi. Zikiwa pungufu ya zilizoandikwa kwenye lebo, apeleke malalamiko akiwa na lebo hiyo mkononi wakati bado kuna nafasi ya kupata nyingine. Na punje zitakazobaki, hata rangi yake ikioshwa ikaisha, zisiingie jikoni wala zisitupiwe kuku.